Mshambuliaji Asiyekimbia

Nikisikia mtu anataja mpira wa Italia naona aibu mpaka masikio yanapata moto, na wenzangu wa hapa Guangzhou, China, wanalijua hilo, ndiyo maana wananichokoza makusudi. Basi leo nasema mwenyewe.

Ilikuwa ile miaka ya msako, polisi wanakagua pasi za kusafiria barabara ya Huanshi Zhonglu nzima. Mimi viza yangu ilikuwa safi. Dada Neema wa Mbeya, niliyekuwa nasali naye kanisa moja, yake ilikuwa imekwisha. Alikuwa anangoja tu vitambaa alivyonunua soko la Zhongda vipakiwe kontena, arudi zake kwa watoto.

Mchana ule tumekaa mgahawani akaniambia, "Kaka Festo, wewe Kichina unakijua. Wakiingia, kaa na mimi, uongee nao."

"Kula chakula chako, dada," nikamjibu. "Mimi siendi popote."

Ningeishia hapo. Lakini meza ya jirani walikuwa wanabishana mpira, na mimi (mdomo wangu huu) nikasimama kuwasimulia habari za mshambuliaji mmoja wa Italia wa miaka ya hamsini, ambaye padri wetu Mtaliano kule Iringa alikuwa haishi kumtaja: mtoto wa fundi cherehani, akaanza na timu ya mji mdogo, timu kubwa ikamnunua, akavunjwa goti, akarudi, akafunga mabao mpaka nywele zikaanza kumtoka, akamalizia daraja la tatu akipiga penalti. Na siri yake, nikasema, ni kwamba mbio hakuwa nazo kabisa. Mabeki wanamjia kwa fujo, yeye anasimama, wanapita wenyewe, anafunga. "Mwanaume ni kutulia," nikamalizia, na watu wakapiga makofi, hata Neema.

Hapo hapo wakaingia polisi wawili.

Walikuwa wameshika chupa zao za chai, wamefuata maji ya moto kama afanyavyo kila mtu mji ule (haya niliyajua baadaye, pale niliona kofia tu). Basi mimi mwenye viza safi, pasi iko mfukoni, nilichomoka kuelekea jikoni, nikapiga kumbo sufuria la wali, nikateleza, nikakalia beseni la vyombo na kukwama humo, miguu juu.

Wale polisi, ambao hawakuwa na habari na mtu, wakaweka chupa chini, wakafunga mlango na kuita wenzao. Mmoja akanivuta, akafungua pasi yangu, akaitazama, kisha akanitazama mimi na povu langu.

"Sasa ulikuwa unakimbia nini?" akauliza kwa Kichina.

Kichina chote kilinitoka. Cha kujitetea, hata cha kumtetea Neema.

Yeye hakuwa ameinuka hata kidogo. Walipomwomba pasi, kijiko kilikuwa bado mkononi. Alipopitishwa mbele yangu akasema taratibu, "Kaka Festo, kumbe niliyekusikiliza ni mimi peke yangu."

Alirudishwa nyumbani kabla kontena halijafungwa. Vitambaa nilivipakia mimi, nikavisindikiza mpaka bandari ya Nansha, akanishukuru kwa simu, na shukrani ile iliniuma kuliko kama angenitukana.

Tangu siku hiyo habari za mpira sisimulii tena. Polisi wakiingia nakaa, naendelea kutafuna, hata shingo sigeuzi. Ila sasa hakuna aliyeniomba nikae.