Siku Niliyokwenda Ukweni na Kinywa cha Zambarau

Aibu hii ni yangu na siwezi kumsingizia mtu, wala kuisingizia vita, ingawa Bukavu ya wakati ule kila kilichoharibika tulisema ni vita. Umeme ukikatika, vita. Sukari ikipotea, vita. Mwalimu wa hesabu akichelewa darasani (mwalimu huyo mara nyingi nilikuwa mimi), vita. Lakini kinywa changu nilikiharibu mwenyewe, kwa mkono wangu huu, kwa kompasi ya kuchorea duara, na ngojeni niwaambie ilivyokuwa, mcheke mmalize.

Mnajua tulivyolelewa pale Nyalukemba. Papa alikuwa karani wa ofisi, mtu wa tai na viatu vya kung'aa, na nyumbani kwake kulikuwa na sheria mbili ambazo hata homa haikukuokoa nazo: misa ya Jumapili, na kwenda kwa dentiste, daktari wa meno, kila mwaka kabla shule hazijafunguliwa. Hakungoja jino liume. Watoto watano tulitoka mstari mmoja, mkubwa mbele, mdogo nyuma, Papa pembeni na mwavuli wake hata kama jua linawaka, tukashuka kwa miguu huku ziwa likionekana katikati ya nyumba, na watu wakituuliza tunakwenda harusi gani. Mzee dentiste (tulimwita Papa Dentiste, naye alilipenda jina hilo) alikuwa na kiti cha kupanda na kushuka kwa kukanyaga, tukagombania kukaa wa kwanza kwa sababu ya kiti, si kwa sababu ya dentiste. Alitukwangua ukoga kwa vyuma vyake vidogo vya ncha iliyopinda, krr, krr, huku akiimba nyimbo za kanisa kwa pua, halafu akatupa kioo tujitazame. Hata leo nikifumba macho nasikia harufu ya karafuu ya chumba kile. Kurudi nyumbani tulipitisha ulimi kwenye meno njia nzima, laini, laini, mpaka Maman akatuuliza kama tumekuwa mijusi. Nawaambia kweli, siku zile nazikumbuka kuliko Noeli nyingi, na ninazitamani.

Halafu vita ikaja, mara ya kwanza, kisha mara ya pili. Kliniki iliporwa, wakabeba mpaka kile kiti (sijui ni askari gani alikwenda kukikalia, na wapi), naye Papa Dentiste akahamishia kazi sebuleni kwake, vyuma vyake akivichemsha kwenye sufuria juu ya mkaa. Papa aliendelea kwenda kila mwaka kama kawaida. Mimi niliacha. Mwaka wa kwanza nilisema risasi, mwaka wa pili nilisema kazi, mwaka wa tatu sikusema kitu, na kila nilipopiga mswaki fizi zilitoa damu, nami nikatema haraka haraka nisione.

Katika miaka hiyo hiyo nikampata Nsimire. Alikuwa anafundisha watoto wadogo katika shule yetu, ana kicheko ambacho ungekisikia kutoka darasa la nne, na mimi nilikuwa nimekwisha kabisa. Baba yake alikuwa mkulima wa Mudaka, kiongozi wa Wakristo wa kapela yao, mzee mwenye ndevu nyeupe ambaye alikuwa amekwisha kuwakataa wanaume wawili wa mjini waliomtaka Nsimire. Nsimire alinionya waziwazi: "Papa akisema hapana, mi siwezi kumupita. Ujue ile." Kwa hiyo siku ya kujitambulisha ukweni nilikuwa naiogopa kuliko kizuizi cha askari.

Ilikuwa iwe Jumamosi. Alhamisi Papa akanitazama nikicheka mezani, akaweka kijiko chini.

"Murhula, kesho asubui unapita kwa Papa Dentiste. Ukoga iko inaonekana mupaka hapa. Hatuendi ku bakwe na kinywa kama ile."

Ijumaa nikaenda. Nilifika mpaka kwenye lango, nikaona watu wanne kwenye benchi, nikasikia ndani mtu anasema "ayii, ayii", nikajiambia kwamba dentiste hahami, nitakuja wiki ijayo, kwanza tumalize mambo ya ukweni. Nikageuka. Saa sita Papa akaniuliza kama nimekwenda, nami (mwanaume mzima, mwenye diploma) nikajibu, "Nilienda, Papa." Akaniambia ni vizuri sana, na akanipiga bega.

Sasa uongo huo ulihitaji ushahidi. Nikajifungia chumbani mchana ule na kioo cha kunyolea, nikafungua mfuko wangu wa shule nikatoa kompasi, nikaanza kukwangua. Na ubaya wake ni kwamba ilifanya kazi! Kipande cha kwanza cha ukoga kiliruka kikagonga kioo, nikajiona fundi, nikaimba, tena kwa pua kabisa. Nikaendelea meno ya chini, nikasukuma kwa nguvu kidogo, ncha ikateleza ikaingia kwenye ufizi mpaka nikaona nyota. Damu ikamwagika, haikatiki, nikakumbuka bati la biskuti ambamo Maman aliweka dawa zake, na ndani yake kulikuwa na kichupa cha violeti, ile dawa ya zambarau aliyotupaka tulipokuwa watoto wenye vidonda vya mdomo. Mtu mwenye akili angepaka tone moja. Mimi nilichovya pamba nikajipaka juu, chini, mbele, nyuma, mate yakasambaza kazi iliyobaki, na nilipojitazama tena ulimi, fizi, meno na midomo yote ilikuwa rangi moja. Nilisugua kwa chumvi, nikasugua kwa limau (msijaribu), nikasugua kwa sabuni ya kufulia. Midomo ilikubali kidogo, ndani haikubali hata kidogo. Nikatuma neno kwamba sitakula, nimefunga kwa ajili ya safari, na Papa akamwambia Maman kwamba mtoto huyu sasa amekomaa.

Jumamosi tuliondoka watatu katika gari la jirani: Papa mbele na dereva, mimi nyuma na tonton, mdogo wake Papa, ambaye ndiye angekuwa msemaji wetu. Hilo ndilo lilikuwa tumaini langu, kwamba siku kama hiyo muoaji anakaa tu na adabu zake na msemaji anasema. Kwenye kizuizi askari akanisalimu, nikamjibu kwa kichwa, kitambaa mdomoni. Akafikiri nimeficha dhahabu.

"Yo, fungola monoko!" akaniamuru kwa Lingala, nifungue kinywa.

Nikafungua. Askari yule, na bunduki yake, akarudi nyuma hatua moja. Akamwita mwenzake, wakachungulia wote wawili, wakacheka mpaka wakashikana mabega, wakatufungulia njia bila kuuliza hata karatasi moja. Papa kule mbele alisikia kicheko tu, lakini tonton aliona kila kitu.

"Mungu wangu, Murhula, ulikula nini?" akaninong'oneza. "Hapana fungula kinywa tena. Kule mi njo nitasema yote."

Na alisema! Pale uani Mudaka, kando ya migomba, watu wamejaa kwenye mabenchi, shangazi, majirani, wanakwaya, tonton alisema mpaka watu wakapiga makofi. Nsimire alipita na sinia, akanitupia tabasamu, mimi nikamjibu kwa midomo iliyobanwa kama mtu anayemeza dawa chungu, na uso wake ukabadilika (aliniambia baadaye alidhani nimeghairi). Baba yake akamsikiliza tonton mpaka mwisho.

"Umesema muzuri. Lakini haiko wewe unaoa. Mutoto mwenyewe aseme."

"Mmm," nikasema.

"Iko bubu?"

"Iko na haya, muzee," tonton akadakia.

"Haya iko muzuri. Basi akunywe."

Nikaletewa kibuyu cha kasiksi, pombe yao ya ndizi. Na katika ukoo ule desturi ni hii: mkwe ananywa kwanza, kisha baba wa binti ananywa kwa mrija ule ule, ndiyo alama kwamba mmekuwa watu wa nyumba moja. Nikaubana mrija kwa ncha ya midomo, nikavuta kidogo tu, lakini kuvuta kule kukafungua kidonda changu, nikasikia chumvi ya damu ikishuka. Mzee akapokea. Akavuta kwa nguvu, akashusha kibuyu, akajifuta ndevu kwa kiganja, na kile kiganja kikatandaza zambarau na damu kwenye ndevu nyeupe zote, kutoka shavu hadi shavu.

"Yoo! Muzee anatoka damu!" shangazi mmoja akapiga kelele, na uwanja mzima ukasimama.

Mzee akajigusa ndevu. Akatazama mkono. Akatazama mrija. Akanitazama mimi.

"Fungula."

Nikafungua, mbele ya Mudaka yote, watoto wakapanda juu ya mabenchi waone vizuri. Kwanza ilikuwa hofu, wengine walisema ni sumu, mwingine akataja ugonjwa ambao sitautaja, ikabidi nieleze yote kwa ulimi wangu wa zambarau: kompasi, ufizi, bati la Maman. Hapo mtoto mmoja akacheka, kikaanza kicheko ambacho nadhani kilifika mjini. Watu watatu tu hawakucheka: Nsimire, baba yake, na Papa.

"Lakini jana uliniambia ulienda kwa dentiste," Papa akasema polepole.

Mzee akageuza macho kutoka kwa Papa hadi kwangu, na ndevu zake zile, na hakuna aliyethubutu kucheka tena.

"Mutu anadanganya baba yake juu ya meno, kesho atadanganya binti yangu juu ya nini? Murudi kwenu. Mutakuja siku huyu iko na karatasi ya dentiste, na cachet, muhuri yake."

Njia nzima Papa alitazama barabara tu. Heri angenitukana.

Jumatatu alinipeleka mwenyewe, akakaa kwenye benchi na mwavuli wake akanisubiri, mimi mwenye miaka ishirini na tisa. Papa Dentiste hakunigombeza, alitazama ndani akatikisa kichwa.

"Hii ukoga imeshuka mupaka chini ya fizi. Mswaki haifikake kule, hata upige mara kumi ku siku. Ungekuja kila mwaka, ingekuwa kazi ya dakika makumi mbili, unaenda. Sasa itakuwa mara tatu, na ile gego inacheza, sijui kama tutaiokoa."

Hatukuliokoa. Mara zote tatu Papa alinisindikiza na kunisubiri, na hakuutaja ule uongo hata siku moja. Mara ya mwisho tulirudi kwa miguu tukipita kando ya ziwa, nikamwonyesha meno, akacheka, akaniambia nimerudi kuwa mtoto wake. Hiyo ndiyo picha ya Papa ninayoitunza.

Karatasi ilikuwa tayari, na cachet yake. Lakini wiki ile mapigano yakarudi upande wa barabara, Mudaka ikawa mbali kuliko Ulaya, mwezi, miezi miwili, hakuna anayepita. Papa aliiweka karatasi ndani ya misale yake, kitabu chake cha misa, na kila Jumapili aliniuliza kama njia imefunguliwa. Tension yake, shinikizo la damu, ilikuwa imepanda siku nyingi, na dawa zilikuwa hazifiki. Tulimzika katikati ya mvua.

Mwezi wa tano ndipo tulipopita tena, mimi na tonton. Mzee wa Mudaka alisoma karatasi yote mpaka cachet, kisha akanishika kidevu akanigeuza kwenye jua, akatazama juu, akatazama chini.

"Iko muzuri," akasema. "Mutoto ni wako, mumuchukue. Lakini baba yako iko wapi? Mi nilitaka tukunywe naye."

Hawakuwa wamepata habari. Tonton alifungua kinywa, nikamshika mkono, nikamjibu mwenyewe.

Nsimire ni mke wangu hadi leo, na hadithi ya ndevu anaisimulia vizuri kuliko mimi, watu wanalia kwa kicheko. Mimi pia nacheka. Ila kila baada ya miezi sita naenda kusafishwa meno, hata kama hakuna linalouma, hata kama kuna watu ishirini kwenye benchi, na sitasogeza tena siku ile hata kwa juma moja. Ningekaa tu kwenye benchi la Papa Dentiste Ijumaa ile, na Papa angekuwepo nilipopewa mke.