Nguzo ya Kezia

"Kezia kapata bwana," Damaris aliniambia tukiwa bombani, "na bwana mwenyewe ni gogo."

Damaris Setchell tunapakana naye ukuta. Akipiga chafya namsikia. Nikamuuliza gogo gani tena.

"Lile lililosimama mwisho wa shamba, karibu na mtaro. Kila jioni anakwenda, anasimama nalo uso kwa uso, analipapasa. Mume wangu kamwona kwa macho yake. Ama akili zimemruka, ama kuna kitu kafukia pale."

"Labda anapumzika tu."

"Apumzike na upepo ule? Wewe Mama Elsie umezidi wema. Utaibiwa hata sufuria jikoni."

Nikainua ndoo yangu, nikaondoka. Kezia Murfitt ndiye aliyemwosha mama yangu alipokufa, na ndiye aliyempokea Elsie alipozaliwa, kwa mikono ileile. Nikiwa na ndoo, yeye ndiye hunishikia mtoto. Hapa kwetu bondeni hakuna nyumba ambayo hajaingia, ama kwa kuzaliwa ama kwa kufa.

Nyumba yake imeinama kama mtu anayetafuta kitu sakafuni. Nilipoolewa, mlango wake ulikuwa na ngazi mbili. Sasa zimekuwa nne, kwa sababu ardhi inaondoka chini yake. Babu zetu walikuwa wavuvi wa mikunga, watu wa mitumbwi. Wakaja wenye fedha, wakayakausha maji wapate mashamba, na tangu hapo udongo huu mweusi unakauka na kunywea, na unaobaki unachukuliwa na upepo. Mto sasa unapita juu ya vichwa vyetu, umezuiwa na tuta tu. Ely, mji ulio jirani, peke yake haishuki. Iko kule juu ya kilima chake na kanisa kuu lake, unaliona ukianika nguo, unaliona ukimwaga majivu. "Wale waliwahi kilima," Kezia hupenda kusema. "Sisi tulipewa sponji." Hata wafu wetu tunawapandisha kule, kwa sababu huku chini kaburi hujaa maji kabla jeneza halijafika.

Mwezi wa tano upepo mweusi ulipiga mchana kutwa. Uling'oa mbegu za viazi sukari pamoja na udongo wake, ukazimwaga mtaroni. Nepi za Elsie niliziingiza ndani nyeusi kama za mchoma mkaa. Ulipotulia nikamwona Kezia akipita, hana shali, anakohoa kile kikohozi chake cha tangu baridi, chenye damu. Nikamfunga Elsie kifuani, nikamfuata.

Nilimkuta kwenye gogo. Lilikuwa la mwaloni mweusi, wa ile miti ya kale inayofukuliwa mashambani. Lilimfika kifuani. Sehemu yake ya chini, pana kama kiganja, ilikuwa bado na unyevu. Asubuhi ile ilikuwa ndani ya udongo.

"Rudi ndani, mtoto atakula vumbi," akaniambia.

"Na wewe je, bibi?"

"Mimi nimeshakula fungu langu. Damaris anasemaje juu yangu?"

Nikaona haya. "Anasema umepata bwana."

Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, akajishikiza kwenye gogo. "Mwambie ni bwana mzuri. Hanywi."

Kisha akapangusa mdomo, akanieleza huku anatazama chini.

Alizaa mtoto wa kiume mwaka tuta lilipopasuka. Maji yalikuwa kila mahali, na kasisi wa wakati ule alikuwa ng'ambo ya mto. Mtumbwi ulipompata kasisi, mtoto alikuwa ameshakata roho bila kubatizwa. Kasisi akasema mtoto wa namna hiyo hana nafasi kwenye makaburi. Basi maji yalipopungua Reuben, mume wake, akachimba hapa, shimo la kumfika kifuani, mpaka akagusa udongo mfinyanzi. Akamlaza mle katika sanduku la mishumaa. Pembeni akagongomea gogo hili hadi kichwa chake kikawa sawa na ardhi, ili wao wawili tu wapajue.

"Sasa tazama lilivyokua," alisema.

Nikalitazama. Nikamtazama na yeye, lilivyomfika kifuani, na miguu yangu ikasogea nyuma yenyewe, isije ikamkanyaga.

"Alikuwa na jina, bibi?"

"Ninalo mimi."

Akapangusa vumbi kichwani mwa gogo. "Watoto wa wenzangu nimewapitisha. Akifa mtu mzima, mimi ndiye ninayeitwa kumvisha, na mama aliyefiwa ananiletea kichanga chake asiyebatizwa nyuma ya nyumba. Namlaza miguuni pa marehemu, nashona sanda juu yake. Wamekwenda Ely, wamelala kilimani, kasisi hajui. Wangu nilimbakiza. Kila aliyekufa nilisema huyu si wa kwetu. Nikasema tutakwenda pamoja, mimi na yeye."

Elsie alianza kulia, nikamtikisa.

"Nilikuwa nashindana na udongo, mwanangu. Kila baridi nilisema ndiyo hii, nitautangulia. Nimechelewa kufa. Na Jumatatu Yarrow mwenye shamba analeta trekta, atalima mpaka ukingoni mwa mtaro. Nimemwomba aache kipande hiki."

"Akasemaje?"

"Eti gogo linavunja majembe."

"Hukumwambia kilichopo?"

"Nimwambie, aite polisi, wamwanike mezani?"

Akauondoa mkono wake kwenye gogo, akaniwekea begani. Ulikuwa wa baridi.

"Kwangu hapafai. Damaris anachungulia. Nami wakinipeleka hospitali ya maskini, nyumba itasafishwa, kila kitu kitupwe motoni. Mumeo Walter ana koleo la kuchimbia. Mtoe kabla ya Jumatatu, umweke kwako, chini ya kitanda, upande wa ukutani. Siku yangu ikifika asiniguse mwingine. Wewe ndiye utaniosha, na sindano unajua kuishika."

Elsie alikuwa amenyamaza, anavutavuta uzi wa mkono wa blauzi ya bibi. Kezia akamwachia auvute.

"Huyu wangu hajawahi kumsumbua mtu," alisema. "Nishikie mtoto, mwanangu. Ni kwa muda mfupi tu."