Mashine Iliyofundishwa Shikamoo

Nimeishi miji mingi, na karibu kila mji nimeuacha kabla haujanichoka. Kazi moja tu niliwahi kuipigania ili nibaki, nayo ilikuwa Moshi, nyumbani, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa nimetoka Mwanza na begi moja, cheti cha kidato cha nne, na ujuzi wa kompyuta niliouokota kwenye vibanda vya intaneti nikiwafungulia watu barua pepe zao.

Kampuni iliyonichukua iliuza pembejeo na kununua kahawa ya wakulima. Ofisi kuu ilikuwa mjini, na ilikuwa na matawi Kibosho na Bomang'ombe. Mkurugenzi, mzee wa rika la baba yangu, alinipa miezi mitatu ya majaribio.

"Ukinifungia hicho kitu kikafanya kazi, unabaki," aliniambia. "Kikikataa, tunaagana kwa wema."

Mama hakuingoja hiyo miezi mitatu. Jumapili ya kwanza alitangaza nje ya kanisa kule Kibosho kwamba mwanawe amerudi moja kwa moja, na wiki hiyo hiyo akakata migomba kwenye kona ya kihamba chetu, shamba la ukoo, akanionyesha pale nitakapojenga. Kwetu mtu hakati mgomba kwa mzaha. Kila nilipopanda nyumbani niliuona ule uwazi katikati ya majani, nikajua kwamba nikifukuzwa kazi, mama atapita hapo kila asubuhi akienda kukata majani ya ng'ombe, na majirani watauliza nyumba imefika wapi.

Hicho kitu chenyewe kilikuwa dawati la msaada. Zamani mtu kompyuta ikimgomea alimpigia simu yeyote anayemfahamu, na shida ikafa humo njiani. Sasa kila mwenye shida angeandika barua pepe kwenye anwani moja. Mfumo ungeichukua barua hiyo kutoka kwenye seva ya kampuni, ungeipa namba, waliotunga mfumo waliiita tiketi, kisha ungemjibu mtu papo hapo kwamba shida yake imefika. Mimi ningekaa mbele ya orodha ya tiketi nikizimaliza moja moja.

Seva yetu ilikaa chumba kimoja na karatasi, wino na mifagio. Nilidhani kuiunganisha na mfumo ni kazi ya asubuhi moja. Mfumo uliniuliza jina la seva, jina la sanduku la barua na neno la siri. Nikaupa vyote, ukanijibu kwamba haunitambui. Nikabadilisha waya. Nikazima, nikawasha. Karibu wiki nzima ilipita ndipo nikagundua kwamba neno la siri nimelianza kwa herufi kubwa, kama mwalimu wa darasa la pili alivyotuzoesha kwa viboko tukisahau. Nilipoweka herufi ndogo, seva ikafungua mlango bila maneno.

Nikawatangazia matawi. Asubuhi iliyofuata tiketi zilimiminika, na mimi nikafurahi hadi nilipozifungua. Ya kwanza iliandikwa, "Habari za asubuhi?" Ya pili, "Za leo huko mjini?" Ya tatu, "Hamjambo?" Hakuna hata mmoja aliyetaja shida. Kabla sijajua la kufanya, simu ikalia. Alikuwa bwana stoo wa Kibosho, mzee aliyekuwa kwenye kampuni kabla ya kompyuta zote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kijana, mimi nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu, mzee."

"Nimekuandikia 'Habari za asubuhi' vizuri kabisa, nangoja unijibu ili nikueleze shida yangu. Naletewa jibu, 'Tatizo lako limepokelewa, ni namba kumi na saba.' Salamu yangu ni tatizo?"

"Hapana mzee, ile ni mashine inajijibia."

"Nikasema labda hajasikia vizuri. Nikaandika tena, 'Nasema, habari za asubuhi?' Ikanipa kumi na nane."

"Pole mzee."

"Na hao kumi na sita walionitangulia, nao walikuwa wanasalimia?"

"Wengi wao, mzee."

"Basi huko mjini mna matatizo mengi," akasema, akakata simu bila kunieleza shida yake.

Nilimlaumu kimoyomoyo, halafu nikaacha. Nani kwetu anaingia uani kwa mtu na kusema "jembe langu limevunjika" kabla ya kuulizana habari za watoto na ng'ombe? Watu walikuwa wakibisha hodi kwa adabu, na mimi nilikuwa nimeweka mlangoni kitu kinachogawa namba. Na miezi yangu mitatu ilikuwa inayeyuka.

Nikaamua mashine ijibu salamu kwanza. Swali likawa salamu ipi. "Habari" ingemkera bwana stoo. "Marahaba" ingekuwa matusi, maana mashine ilikuwa na umri wa wiki mbili, ilikuwa ndogo kuliko wafanyakazi wote. Nikaona shikamoo haijawahi kumdhuru mtu. Nikaandika, "Shikamoo. Tumepokea ujumbe wako. Tafadhali endelea kutueleza shida yako." Namba nikaishusha chini kabisa, isionekane imetangulia mbele ya wakubwa.

Bwana stoo akapiga simu tena, safari hii kucheka. Alisema mashine imelelewa sasa. Aliyepiga kwa hasira alikuwa karani wa Bomang'ombe, dada ambaye nadhani tulilingana umri.

"We kaka, nani kakwambia mimi ni bibi?"

"Hakuna aliyesema hivyo, dada."

"Naamkiwa mimi? Nimesomewa kwa sauti ofisini, wananicheka mpaka wanunuzi wa kahawa. Mmoja kaniuliza wajukuu hawajambo!"

"Ni heshima tu, dada."

"Heshima kampe mama yako. Mimi nitumie 'mambo'."

Hata hivyo shida zilianza kuja zenyewe baada ya salamu, na kazi ikasonga. Mkurugenzi aliyeagiza apate taarifa ya kila tiketi mpya alipendezwa mno. Kila siku alikuwa akiamkiwa na mashine, na nilimsikia kupitia mlangoni akiiitikia kwa sauti, "Marahaba." Ijumaa moja alikuwa anasafiri kwenda Dar, akanitaka nimwekee jibu la kujiendesha kwenye barua pepe yake, watu wajue hayupo. Maneno alinitajia mwenyewe.

"Anza na marahaba," alisema. "Si vizuri mashine iniamkie nikae kimya."

Nikaandika, "Marahaba. Nipo safarini, nitarudi Jumanne." Nikafunga ofisi, nikapanda nyumbani kula mtori wa mama.

Jumamosi mchana, kabla ya tawi lao kufunga, karani wa Bomang'ombe aliandika kwamba kipanya cha kompyuta yake hakiendi kushoto. Mashine ikaipa shida namba, ikamtaarifu mkurugenzi kwa adabu, "Shikamoo." Barua pepe ya mkurugenzi ikajibu, "Marahaba. Nipo safarini." Mashine ikaona barua mpya, ikaipa tiketi, ikaamkia, "Shikamoo." Ikajibiwa, "Marahaba. Nipo safarini." Watu walisali, wakala, wakalala, wakaamka, na wale wawili ndani ya chumba cha mifagio waliendelea kuamkiana bila kuulizana hata habari za nyumbani.

Jumatatu asubuhi seva ilikuwa imejaa hadi shingoni. Hakuna barua iliyoingia wala kutoka katika kampuni nzima. Siku hiyo nilishinda chumbani humo nikifuta shikamoo. Muda wangu wa majaribio ulikuwa unaisha wiki hiyo.

Jumanne mkurugenzi aliniita. Niliingia nikiwa nimetayarisha maelezo, lakini kabla sijafungua mdomo alisimama nyuma ya meza yake, akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo," akaniambia.

Nilitamani sakafu ipasuke. "Mzee, tafadhali."

"Nakurudishia chache tu. Unazo nyingi kwangu."

"Naomba radhi, mzee."

"Tangu nizaliwe sijaamkiwa hivi. Hata nilipooa. Hebu kaa." Nikakaa. "Mimi nikitoka asubuhi, jirani yangu kijana akiniona anafanyaje?"

"Anakuamkia, mzee."

"Nikipita tena kwenda dukani?"

"Ananyanyua mkono tu. Au anasema 'tena, mzee'."

"Na akiniamkia tena, na tena, na tena?"

"Utajua amelewa."

"Basi mashine yako imelewa. Mtu akishaamkiwa, ameamkiwa. Kesho mchana nataka nikute imelevuka, ama sivyo na wewe tuagane kwa wema, kama nilivyokwambia."

Nilitoka nikiwa nimekasirika, na nilikuwa nimefika kwenye ngazi ndipo nikatambua kwamba amenipa dawa. Wataalamu waliotunga ule mfumo walikuwa wameacha mahali pa kuuambia umkumbuke aliyekwisha kujibiwa. Nikauelekeza hivi: mara ya kwanza kwa siku, shikamoo na namba. Mara ya pili, namba peke yake. Mara ya tatu, chukua barua na ukae kimya mpaka kesho. Hivyo ndivyo tunavyoishi mtaani. Nilijaribu kutwa nzima, nikijiandikia na kujijibu, hadi mfagiaji akanionea huruma.

Jumatano mchana mkurugenzi alinisimamisha mbele ya meza yake, akaandika barua kwa vidole viwili, akaituma. Tukangoja. Jibu likaja.

"Shikamoo, na namba," alisoma. Akaandika ya pili.

"Namba tu. Haya." Akaandika ya tatu, safari hii akigonga vitufe kwa nguvu zaidi.

Tukangoja. Chai ikaletwa, akainywa. Nje ya dirisha mawingu yalikuwa yameufunika mlima wote, na mimi nilikuwa nayatazama ili nisiutazame uso wake. Hakikuja kitu.

"Imenyamaza," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Imelevuka kweli."

"Ndiyo, mzee. Na mkataba wangu?"

"Mkataba wako nimeuchapa tangu asubuhi." Akanyoosha kidole kwenye printa iliyokuwa pembeni. "Umo humo ndani. Umekwama."

Nikaiangalia printa. Taa yake nyekundu ilikuwa ikiwaka na kuzima.

"Hivi wewe unafikiri nimekuandikia nini muda wote huu?" akauliza. "Barua tatu nakwambia printa imekwama, printa imekwama, printa imekwama! Umesimama hapo unahesabu kama nimeamkiwa."

Nikapiga magoti, nikafungua kifuniko. Karatasi ilikuwa imejiviringisha kwenye roli, na kwenye ncha iliyochomoza niliona nusu ya jina langu. Nikaishika kwa vidole vya mikono yote miwili, nikaanza kuivuta, na mkurugenzi akaja akainama juu ya bega langu.

"Taratibu," alisema. "Hiyo ndiyo nakala ya pekee, na wino umeisha."