CD ya Matusi ya Bi Mwanasiti

Pale Kibiti, ukishuka kwenye basi ukauliza fundi wa nyimbo anayejua kazi yake, utaonyeshwa kibanda cha Mudathiri, halafu huyo aliyekuonyesha ataongeza kwamba jamaa ni mzuri ila ana maringo. Si maringo. Mudathiri anaionea sauti huruma, basi. Vibanda vingine vya stendi vinakuwekea nyimbo elfu moja kwenye memori kadi moja, zimebanwa mpaka ngoma inalia kama debe la misumari. Yeye anakuwekea mia mbili, na ukinung'unika anakujibu, "Mimi nabana, sinyongi." Wenye haraka zao huondoka. Wanaobaki ni wale wenye CD zao za zamani, za harusi na za maulidi, wanaotaka zihamie kwenye simu bila kupungua kitu.

Kazi hiyo aliipata Kariakoo, alikotembeza CD mkononi tangu ana miaka kumi na tisa. Biashara ilipokufa, wenzake wakahamia kwenye soksi na chaja. Yeye akarudi kwao Rufiji na kompyuta iliyochoka, akisema sahani ndizo zilizokufa, vilivyomo bado vizima. Mama yake, Bi Hajira, mkulima wa mpunga kule Umwe, aliposikia mwanawe anakula kwa kutoa nyimbo kwenye sahani na kuzitia kwenye simu, aliguna tu. Kwake yeye kazi ni jembe. Dua lakini alimwombea kila swala.

Sasa, mwezi wa tano huu, akaja Bi Mwanasiti, muuza mihogo ya kukaanga wa karibu na soko, wiki ya harusi ya mjukuu wake. Akafungua pindo la khanga, akatoa CD moja kwenye kasha lililopasuka. Alitaka wimbo wa tatu, tena alitaka upigwe Jumamosi kwenye spika kubwa. Kibanda cha jirani walikuwa wamemhamishia wiki iliyopita, maneno yote yakawa uji, akawarudishia memori yao.

"Nataka kila tusi lisikike," alisema.

Mudathiri alidhani hakusikia vizuri. Alisikia vizuri sana. Zamani hizo, mwaka elfu mbili na sita, Bi Mwanasiti alikuwa mke wa mtu mmoja anaitwa Sufiani, na mke mwenzake alikuwa Tatu, mwimbaji wa kikundi cha taarabu. Wanawake hao walichukiana hasa. Siku moja jino la Sufiani likang'oka mezani kwa Mwanasiti, akitafuna wali, na Tatu hakuiacha nafasi hiyo ipite. Akatunga wimbo, kikundi kikaenda Dar kuurekodi, na Kibiti nzima ikaimba: *Wali wako mawe matupu, mume kabaki kibogoyo.* Mwanasiti hakutoka nje mwezi mzima. Sufiani, baada ya vita vyote hivyo vya kumgombania, akaoa mke mwingine na kuwapa wale wawili talaka wiki moja. Wakakutana barabarani kila mmoja na furushi lake kichwani, wakatazamana, wakacheka mpaka wakakaa chini. Tangu siku hiyo ni mtu na shoga yake, ingawa Tatu alihamia kijiji cha Mkongo. CD za kikundi zilikwisha zamani, hata Tatu mwenyewe hana. Iliyobaki duniani ni hiyo iliyokuwa kwenye pindo la khanga, na Bi Mwanasiti hakuwahi kuimbwa na mtu mwingine yeyote maishani mwake.

Mudathiri akaipokea kwa mikono miwili. Kazi ya namna ile haifanyii kibandani, kwa sababu ya vumbi la barabara. Huifanyia nyumbani, pole pole, kompyuta ikiisoma CD taratibu na kurudia palipokwama. Akaiweka kwenye boksi pamoja na nyingine saba, kwenye kona ya sebule. Bi Hajira alikuwepo siku hiyo, amekuja kumwona mtoto mchanga wa Mudathiri na mkewe Muzdalifa. Asubuhi, Mudathiri akiwa anavaa viatu, akamwambia mama yake asihangaike na lile boksi, zile CD ni za kuchoma, atazishughulikia mwenyewe akirudi.

Ebo! Mtu na akili zake anamwambia mama wa Umwe kwamba CD ni za kuchoma. Watu wa kompyuta wakisema kuchoma wana maana ya kunakili, nao wamelizoea neno mpaka hawalisikii tena. Umwe kuchoma ni kuchoma.

Aliporudi alasiri, shimo la taka uani lilikuwa linafuka moshi na nyumba inanuka plastiki. Muzdalifa, mtoto begani, akamwambia kwa furaha kabisa kwamba mama kamsaidia kuchoma zile taka zake kabla ya kuwahi basi, maana kule shambani ndege wameingia kwenye mpunga. Mudathiri akachukua kijiti, akafukua. Makasha yalikuwa yameyeyuka yakashikana, donge moja jeusi. Akaketi juu ya ndoo. Akampigia mama yake simu, haipatikani; Bi Hajira huizima asimalize chaji.

Angeweza kudanganya. Wapo mafundi wangesema CD ilikuja mbovu. Yeye alikwenda sokoni vile vile na majivu viganjani, akamwamkia Bi Mwanasiti, akamweleza yote. Bi Mwanasiti aligeuza mihogo kwenye karai mpaka ikaiva, akaiopoa.

"Mwanangu," alisema mwishoni, "nilikuwa na wimbo mmoja tu duniani."

Asubuhi simu ya Bi Hajira ikapatikana. Mudathiri aliuliza kwa adabu, mama hagombwi, kwamba hivi jana alichoma nini na nini. Mama akajibu kwa fahari. Alichoma boksi, makaratasi na vile vikasha, kama alivyoagizwa.

"Visahani vyenyewe nimekuja navyo shamba," akasema. "Ndege wananimaliza. Kitu kinang'aa vile nani akichome?"

Mudathiri alijikuta anacheka peke yake, machozi yanamtoka, na Muzdalifa akatoka jikoni kuuliza kuna msiba gani. Hakuna msiba, akasema, hakuna msiba kabisa. Akapanda bodaboda mpaka Umwe, njia nzima akimhimiza dereva, na kila kwenye tuta akimwomba apunguze.

Zilikuwa pale. CD nane, zimepitishwa kamba kwenye tundu la katikati, zinazunguka juu ya mpunga na kurusha mwanga huku na huku. Ile ya Bi Mwanasiti ilikuwa ya nne kwenye kamba. Mudathiri aliigeuza kwanza upande wenye maandishi, kwa kuwa CD huuawa mgongoni. Huko ukikwaruza umekwaruza wimbo wenyewe. Mgongo ulikuwa mzima. Usoni ilikuwa na michubuko ya kamba na kinyesi cha ndege, na hivyo ni vitu vya kuosha na kusugua. Alimkumbatia mama yake katikati ya mpunga, naye Bi Hajira, asijue kafanya jema gani, akamtaka akishamaliza kunyonya hayo maneno amrudishie visahani vyake. Mudathiri akaapa atamletea gunia zima la zilizokufa.

Mchana ule ule aliiosha kwa maji na sabuni, akaifuta kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni. Wimbo wa kwanza ukatoka, wa pili ukatoka. Wa tatu ulifika katikati ukakwama, kompyuta ikawa inarudia pale pale, na Mudathiri akawa anaisemesha kwa upole kama mgonjwa. Akaitoa, akasugua mchubuko mmoja kwa dawa ya meno, akairudisha. Ikapita. Akaubana ule wimbo kwa ubora wa juu kabisa anaoujua, akavaa spika za masikioni, akausikiliza mwanzo mpaka mwisho, vinanda na vigelegele na kila herufi ya Tatu. Alhamdulillahi, akasema kwa sauti, mtoto akaamka.

Akampigia Bi Mwanasiti. Akamwambia CD haikuungua, wimbo umetoka.

"Kibogoyo kipo?" aliuliza yule mama.

"Kipo, bibi. Kinasikika chote."

Jumamosi alasiri Tatu alifika harusini kutoka Mkongo, hajaambiwa kitu juu ya wimbo, akakaa mkekani na wanawake wenzake. Mudathiri mwenyewe alikuwa kwenye mashine. Wimbo ulipoanza, wazee wa Kibiti waliguna wote kwa pamoja, na Tatu akajifunika uso kwa khanga. Ulipokaribia penye mawe, alimsogelea Mudathiri akamnong'oneza kama hapana namna ya kuyafifisha maneno kidogo. Mudathiri akatikisa kichwa.

Ndipo Bi Mwanasiti akainuka na noti mkononi. Watu wote wakamgeukia, maana kila mtu anajua anayekwenda kutunza wimbo kwa noti ndiye anayeuchukua kuwa wake, na hakuna aliyewahi kuona mtu akitunza alipotukanwa yeye. Alikuja akicheza taratibu, mkono juu, akifuata kila neno kwa midomo. Akafika mbele ya Tatu, akaifunua ile khanga, akambandika noti kwenye paji la uso.

"Mawe yalikuwa mawili tu, shoga," akamwambia.

"Najua," Tatu akasema, analia na kucheka. "Na mimi wali wako nilikuwa naula."