Andikeni Mnachosikia

Hasira zangu ziko karibu, sifichi. Na nikikasirika, ulimi wangu hufunga safari ukarudi kwetu Mara, ambako herufi L haina mwenyewe: kulala ni kurara, mbali ni mbari. Chuo cha ualimu walinicheka mpaka nikajirekebisha, na miaka yote ya kufundisha hapa Mwanza nilijua nimepona.

Mwaka ule nilikuwa na darasa la pili pale Igoma, watoto zaidi ya tisini na vitabu visivyofika kumi. Nikaona isiwe taabu, nikatunga hadithi yangu mwenyewe na kuiandika kwa kalamu nene kwenye maboksi ya sabuni. Dinosaria mama ametaga mayai kando ya ziwa, jua linakausha maji, naye anatafuta pa kuyahamishia. Niliwaambia mifupa ya mnyama huyo ilichimbwa Lindi, nchini mwetu humu humu, na kwamba angesimama uwanjani kwetu shingo ingepita yale mawe ya mlimani.

"Mwalimu, anamshinda kenge?"

"Kenge? Kenge ni kifungua kinywa chake!"

Weee, darasa lilivyolipuka! Tulipiga makofi silabi kwa silabi, di-no-sa-ri-a, na baada ya wiki tatu walikuwa wanaighani hadithi nzima macho wamefumba. Mimi nikaita kule kusoma.

Msichana mmoja hakuighani. Alikuwa na miaka minane, ameletwa kutoka kisiwani kukaa na baba yake mdogo, fundi wa kuchomelea mageti. Aliweka kidole chini ya neno, akalisoma, akahamia la pili. Polepole, lakini alisoma kweli. Nilimtania, "Wewe bibi, dinosaria atakufa uzee hujafika mwisho." Alicheka, ila kidole hakukitoa.

Mwezi wa kumi baba yake mdogo alikuja shuleni, mikono imejaa masizi, akanisalimia kwa adabu. "Mwalimu, nina wangu wanne," alisema. "Huyu akivuka kwenda la tatu, nitabanana nao hivyo hivyo. Akikariri darasa, anarudi kisiwani kwa bibi yake. Sina ujanja." Nilimwambia asiwe na wasiwasi, mtoto anasoma.

Siku ya mtihani wa imla mvua ilikuwa inapiga bati, watoto wanasukumana, mmoja kamwaga uji juu ya madaftari ya wenzake. Nikapandisha hasira. "Kimya! Hakuna kuniulizauliza! Andikeni mnachosikia!" Nikasoma sentensi kumi za hadithi yetu kwa kupiga kelele, nishindane na mvua.

Nilisahihisha siku ile ile. Wengi walipata nane, tisa. Yule msichana wa kisiwani alipata tatu. Dinosaria amerara. Mbari na mayai. Jua kari. Kalamu nyekundu ilipita kwenye daftari lile bila huruma. Mwalimu mkuu alipouliza, "Huyu wa kisiwani vipi?" nikajibu, "Akariri," nikaendelea na chai yangu.

Siku ya kufunga shule alinifuata mlangoni na daftari lake. "Mwalimu, nimekosea wapi?"

"Si unaona nyekundu? Hapo hapo." Nikalichukua daftari, nikalifungia kabatini na mengine.

Shule ilipofunguliwa Januari, mwalimu mwenzangu alinirekodi kwa simu nikiwahadithia watoto wapya, ili awarushie wazazi kwenye kundi lao. Watoto walikuwa wakorofi na mimi nilikuwa nimeshapandisha hasira. Mapumziko akaniwekea nisikilize. Sauti yangu ikatoka: dinosaria amerara. Nilicheka. Nikasema, jamani, kumbe bado! Halafu nikakumbuka zile nyekundu za yule msichana wa kisiwani.

Nilikwenda kabatini nikatafuta daftari lake. Makosa saba, na yote saba ni R mahali pa L. Hapakuwa na kosa lingine lolote, hata nukta. Wale waliokariri hadithi waliandika walichokikariri, wakavuka. Huyu peke yake aliandika nilichosema, na ndiye niliyemwambia akariri. Nilikaa chini, palepale kwenye sakafu ya ofisi, nikalia kama aliyefiwa.

Mchana ule nilikwenda kwenye karakana ya baba yake mdogo. Nilimweleza kila kitu, sikujitetea. Akavua miwani yake ya kazi.

"Aliondoka kabla ya Krismasi," alisema. "Bibi yake ameanguka, kavunjika nyonga. Mtoto ndiye anayemwogesha, ndiye anayempikia. Nimtoe vipi tena?"

"Nitaongea na mwalimu mkuu. Ataingia la tatu hata kesho."

"Mwalimu, ungeniambia mwezi wa kumi na mbili." Hakupaza sauti. Afadhali angenitukana.

Hata hivyo alipiga namba ya jirani wa bibi, akanipa simu. Nilisikia kuku, nikasikia mtu akiitwa, kisha miguu inakuja mbio.

"Shikamoo mwalimu!"

"Marahaba, mwanangu. Shule unakwenda?"

"Bibi akipona."

Nilimuuliza kama anaikumbuka imla ya dinosaria. Akasema anaikumbuka. Nikamuuliza kwa nini aliandika amerara.

"Nilijua ni amelala," alisema. "Ila ulisema tuandike tunachosikia." Kisha akachangamka, akaharakisha maneno kama mtu mwenye habari njema. "Lakini sikosei tena, mwalimu! Naandika kila siku nyuma ya kalenda ya bibi. Nimeacha R kabisa. Kila mahali naweka L. Dinosalia. Kalenda ya bibi imejaa."

Baba yake mdogo alikuwa ameinamia geti lake, hachomelei, anasikiliza.

"Mwanangu," nikasema, "hukukosea. Sikia vizuri. Wewe hukukosea hata kidogo. Mimi ndiye niriyekosea."

Nilijisikia nilivyolitamka, lakini lilikuwa limeshatoka, na machozi hayakuniacha nilirudie.

Kule kisiwani alikuwa anafikiri; nilimjua, kidole chake kilikuwa mahali fulani chini ya neno.

"Mwalimu," akauliza taratibu, "hapo niandike L au R?"