Rangi ya Kwanza ya Pikipiki ya Marehemu

Ipo siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, na usimwambie mke wangu. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na moja, mpiga rangi katika karakana ya Fundi Kombo pale Ngamiani, na nilijiona fundi kuliko fundi mwenyewe. Mikono yangu ilikuwa myepesi, na ulimi ulikuwa mwepesi zaidi.

Asubuhi hiyo alikuja Mama Zubeida, mjane wa Kihindi aliyekuwa na duka la vitambaa mtaa wa pili. Wachukuzi wawili walimsukumia pikipiki ya marehemu mumewe, ya Kiingereza, ya zamani, tangi limenenepa kwa rangi. Maana marehemu alikuwa na desturi yake: kila Iddi, watu wanapopaka nyumba zao chokaa, yeye aliipaka pikipiki. Mwaka huu nyekundu, mwaka ule buluu, mwaka mwingine rangi iliyobaki kwenye mlango wa duka.

"Naitaka rangi yake ya kwanza," alisema, "ile iliyotoka nayo kiwandani. Ndiyo aliyokuja nayo kunichukua kwetu Pangani tulipooana. Kijani chenye kijivu, kama jani la mkonge lililoshika vumbi. Lakini msiniamini mimi, itafuteni." Kisha akaongeza kwamba mtoto wa jicho ameanza kumwingia, na angependa kuiona kabla macho hayajafunga.

Fundi Kombo akaniita pembeni. Alikuwa na safari ya Moa, msibani kwa shemeji yake. "Chagua mahali padogo, kiasi cha kiganja," akaniambia. "Piga msasa laini kwa maji, taratibu. Rangi zitajitokeza moja baada ya nyingine kama maganda ya kitunguu. Ya chini kabisa ndiyo tunayoitaka. Kwingine kote usiguse mpaka nirudi."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi la mkuu nililisikia kwa sikio moja. Kiganja cha nini? Nilitaka akirudi aikute kazi imekwisha, anisifu mbele ya wenzangu. Nikamwaga dawa ya kubandua rangi tangi zima, madigadi yote mawili na kila chuma kilichokuwa na rangi, nikakwangua, nikamalizia na msasa mkali. Adhana ya adhuhuri ilipotoka chuma kilikuwa kinang'aa kama sufuria mpya, na sakafuni palikuwa na tope la rangi za Iddi zote, zimechanganyika. Nikachutama kulitazama. Ya kwanza ilikuwa ipi? Sikujua.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema "sijui", mwanangu. Neno lenyewe fupi, halina gharama. Badala yake nikajishauri kwamba pikipiki nyingi za zama zile zilikuwa nyeusi, na ajuza yule atajuaje? Nikaipaka nyeusi. Ilipokauka nikampelekea habari, naye akaja.

"Mama, tumeitafuta mpaka chini. Ilikuwa nyeusi."

Akalishika tangi. "Nyeusi?"

"Nyeusi, mama."

"Basi nimezeeka," akasema polepole. "Miaka yote hii nimekuwa nikimkumbuka mume wangu juu ya pikipiki ambayo haikuwepo."

Akanishukuru, akaniombea dua, akaondoka akipapasa ukuta. Dua ile ilinichoma kuliko tusi, lakini bado nilinyamaza. Ndivyo uongo ulivyo, ukishautoa unaona haya kuurudisha.

Fundi Kombo aliporudi siku ya tatu aliizunguka pikipiki mara moja tu. "Kiganja kiko wapi?" akauliza. Nikaanza hadithi ndefu, akainua mkono. Ikabidi niseme yote.

"Ukikosea rangi, nitakufundisha," alisema. "Lakini mtu mzima anakwambia anachokikumbuka, wewe unamwambia hakikuwepo, na hujui! Umemnyang'anya mjane kitu ambacho hata kifo hakikumnyang'anya."

Hakupaza sauti. Bora angenipiga.

Tukatafuta pamoja, chini ya kiti, nyuma ya kibao cha namba. Dawa yangu ilikuwa imefika kote. Kilibaki kisanduku cha spana kilichofungwa ubavuni, kifuniko kimeganda kwa kutu; mimi nilikuwa nimekikwangua na kukipaka kwa nje tu. Fundi akakidondoshea mafuta ya taa, akangoja, akakigonga kwa mpini wa nyundo mpaka kifuniko kikatoka. Kwa ndani, mahali ambapo jua wala brashi ya Iddi haikuwahi kufika, palikuwa na kijani chenye kijivu. Jani la mkonge, na vumbi lake.

"Mpelekee," akasema. "Nenda peke yako."

Nikaenda. Nikampa shikamoo, nikamwambia kila kitu nikiwa nimeinama. Akakichukua kile kifuniko hadi dirishani, akakisogeza karibu na jicho. Nilijua atanifukuza.

"Siku tatu hizi," akasema, "nimeogopa hata kuwasimulia wajukuu habari za babu yao. Nilijiuliza, ikiwa rangi nimeikosea, je, na maneno aliyoniambia njiani?"

Nililia, mwanangu, mbele ya mama wa watu, na sikuona haya.

Tuliichanganya rangi ile siku mbili, tukiilinganisha na kifuniko juani na kivulini. Ilipokauka, Mama Zubeida alipanda nyuma akakaa upande, pikipiki imesimama pale pale uani, akafumba macho. Hakuna aliyemharakisha.

Siku hizi mnatafuta namba ya rangi kwenye simu, na ni vizuri, mimi si mzee wa kununia kila kipya. Lakini kabla hujakwangua, tazama, kwa sababu kilichokwanguliwa hakirudi. Ukiharibu, sema siku hiyo hiyo. Njia ya mwongo ni fupi, ndiyo, ila njia hiyo fupi hupita juu ya watu wasio na hatia. Na mtu mzima akikusimulia alichokiona, usimsahihishe kwa jambo usilolijua. Huenda hana kingine kilichombakia.

Mungu akujaalie mkono wenye subira na ulimi usioona tabu kusema sijui. Na ukifika umri wangu, akupe vijana watakaokuamini.