Msalaba Niliousugua

Mishahara ya walimu ilipokoma kabisa, niliendelea kufundisha Kilatini asubuhi kwa mazoea tu, na mchana nikawa nasugua rangi za magari katika ua wa fundi mmoja pale Kikula, mjini Likasi. Kazi hiyo ilinifaa kuliko nilivyopenda kukiri. Msasa laini huloweshwa majini, hukunjwa juu ya kipande cha kandambili, kisha hupitishwa kwa mistari iliyonyooka. Halafu unafumba macho na kupapasa, kwa kuwa kiganja huona vinundu ambavyo jicho limeviacha. Fundi aliwaambia wateja, "Uyu ni mwalimu. Anasugua sawa vile anasahihisha diktee," yaani imla.

Ilikuwa miezi ile ambayo jirani zetu wenye asili ya mkoa wa Kasai, wengi wao wazaliwa wa Likasi, walifukuzwa majumbani mwao kwa kuitwa wageni, mali zao zikachukuliwa, wakawa wanaishi kituoni wakingoja treni ya kuwapeleka huko. Karani mmoja, aliyekuwa akikaa ukuta kwa ukuta nami, alikuwa miongoni mwao.

Siku moja mtu nisiyemfahamu aliingiza uani gari jeupe, akataka liwe la buluu. Nilipofungua mlango wa dereva nilitambua ni la nani. Ndani ya fremu, chini ya bawaba, palikuwa na msalaba mwekundu wenye urefu wa kidole. Niliuchora mimi mwenyewe, siku padri alipolibariki gari hilo mbele ya nyumba ya karani. Karani aliniomba mimi kwa sababu alipenda mwandiko wangu.

"Na mule ndani," mteja alisema. "Ile musalaba, utoshe, isionekane tena."

Nilimtazama fundi. Fundi alitazama ndoo ya maji.

Hakuna aliyenitisha; ni lazima niliseme hilo. Tena ningeweza kuupaka msalaba rangi juu bila kuusugua, na siku yoyote ukucha wa mtu ungeufichua. Niliyawaza hayo kwa utaratibu, kama mtu achambuaye sentensi ngumu. Kisha nikausugua hadi kwenye bati, nikaziba kwa mastiki, nikasawazisha, nikapaka. Siku ya nne nililing'arisha gari zima kwa dawa na kitambaa, na niliijivunia kazi hiyo.

Alasiri hiyo karani alikuja kwa miguu kutoka kituoni. Shati lake lilikuwa limefungwa vifungo hadi shingoni, kama aendaye ofisini.

"Mwalimu, jambo. Ile motokari ni yangu."

"Motokari mingi inafanana, ndugu yangu."

"Ile yangu iko na musalaba yako. Mama ni mugonjwa, hawezi kupanda treni. Nataka nimupeleke Kapolowe, kwa hospitali ya misioni. Shefu ya mutaa amesema: leta muntu moya tu mwenye kujua alama, nitakurudishia. Njo maana nimekuja kwako."

Mteja alikuwa amesimama langoni, akivuta sigara. Fundi alikuwa anajikuna shingo.

"Miye sikuona musalaba," nilisema.

Karani alilisogelea gari. Alifungua mlango, akapitisha kiganja kwenye fremu, juu, chini, chini ya bawaba, polepole, amefumba macho. Hakikukwama popote.

"Umesugua muzuri, Mwalimu," alisema.

Nimeitafuta kejeli katika maneno hayo miaka yote hii, ili nipate kitu cha kukasirikia. Sijaiona. Alifunga mlango kwa uangalifu, akiusukuma kwa kiganja kizima, akaondoka. Alama ya vidole vyake vitano ilibaki juu ya rangi ya buluu, na mteja alikuwa anakuja kulichukua gari lake. Nikaokota kitambaa, nikaifuta.

Mama yake alipakiwa kwenye behewa juma hilohilo, amebebwa ndani ya blanketi. Sijui kama alifika. Walikuwapo watu ambao ningeweza kuwauliza.